Kumrejesha aliyefukuzwa: Nani anayepaswa kukiri?

Juma hili naomba unistahamilie, kwani nimekusudia kuzungumzia neno moja tu la Kiingereza. Si kwamba nakipenda sana Kiingereza, bali neno hilo lilinibishia hodi nyumbani baada ya swala ya Isha, likiwa ndani ya bahasha ya kaki, limeshikwa na mama mmoja jirani yangu ambaye hakujua linasema nini.

Binti wa mama huyo alikuwa akisoma kidato cha tatu katika moja ya shule zetu za Kiislamu hapa Dar es Salaam. Mwaka 2022 alipata ujauzito, akaondolewa. Alijifungua salama, mtoto akatimiza mwaka, bibi yupo wa kumlea, na binti mwenyewe akawa analia anataka kusoma. Mama akaandikiwa barua ya kuiomba shule impokee, naye akangoja. Jibu lilipokuja likawa kwa Kiingereza, kama zilivyo barua nyingi za sekondari zetu, hata pale anayeandika na anayeandikiwa wote ni watu wa Kariakoo.

"Ustadh, nisomee," akaniambia. "Wamemkubali?"

Ilikuwa mistari mitatu. Uongozi umepokea maombi yake, uongozi unasikitika, na uongozi hauna uwezo wa kufanya jambo ambalo barua ililiita "readmit". Nikamwambia, "Dada yangu, wanasema hawawezi kumpokea tena."

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Hawawezi au hawataki?"

Nikajibu kuwa barua imeandika hawawezi. Akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha kwa uangalifu kama mtu anayehifadhi hati ya kiwanja, akaaga. Mimi nikabaki na lile neno.

Nilikwenda kulitafuta kwenye kamusi. Waingereza wamelijenga juu ya neno "admit" kwa kuongeza kipande cha mbele chenye maana ya tena, au kurudi nyuma, na wamelitumia tangu karne ya 17. Hilo "admit" lenyewe si lao kwa asili. Limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi, kwenye kitenzi chenye maana ya kutuma au kuachia kitu kiende, likatanguliwa na kipande chenye maana ya kuelekea. Kwa hiyo kwa asili yake "admit" ni kumwachia mtu aje kwako. Unaondoa mkono uliokuwa umemzuia, basi. Anayekuja anakuja kwa miguu yake.

Kitenzi hicho cha Kilatini kimezaa watoto wengi, na baadhi yao tunawajua. Neno misheni limetoka humo humo, maana yake wale waliotumwa. Wazee wetu waliokataa kupeleka watoto kwenye shule za misheni kwa kuogopa wabatizwe hawakujua kwamba neno hilo ni ndugu wa neno la kupokelewa shule. Na yuko mtoto mwingine, "dismiss", yaani kutuma mbali, kufukuza. Barua ya kumwondoa binti huyu, ambayo mama alikuja kunionyesha baadaye, ilikuwa na neno hilo. Barua mbili, maneno mawili ya tumbo moja, la kwanza likamtoa na la pili likakataa kumrudisha.

Lakini kilichonifanya nifunge kamusi na kuzima taa bila usingizi kuja ni kitu kingine. Kamusi ilisema "admit" lina maana mbili. Ya kwanza ni kumruhusu mtu aingie. Ya pili ni kukiri, yaani mtu kusema kwa ulimi wake kwamba jambo hili ni kweli, hata kama kweli hiyo inamuuma. Neno ni lile lile. Ukiliangalia vizuri utaona mantiki yake, maana anayekiri naye anaufungulia mlango ukweli uliokuwa umesimama nje.

Usidhani hili ni la Waingereza tu. Sisi tunasema kukubali, neno tulilolipata kwa Waarabu, nasi tunalitumia vivyo hivyo kwa njia mbili. Shule imemkubali mwanafunzi. Mtuhumiwa amekubali kosa. Mama yule aliponiuliza "wamemkubali?" alitumia neno ambalo pia lingeweza kuuliza swali la pili, iwapo kuna yeyote katika wakubwa wale aliyekubali chochote. Na Allah (s.w.) katika mwanzo wa Surat Ghafir anajisifu kwa neno la mzizi huo huo, kwamba Yeye ndiye mpokeaji wa toba.

Toba nayo tuitazame, maana tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Kwa Kiarabu asili yake ni kurudi. Mja anatubia, yaani anarudi. Na Allah anaitwa At-Tawwab, jina la mzizi huo huo, kwa kuwa Naye humrudia mja wake kwa rehema. Katika lugha ya Qur'an kurejeana ni safari ya pande mbili. Hakuna picha ya mwenye nyumba aliyekaa kwenye kiti akimsubiri aliyekosa atambae mpaka miguuni pake.

Nije kwenye sheria za nchi, maana najua wapo watakaosema Ustadh anatupeleka kwenye kamusi ili tusahau hoja.

Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na pia kwa kuingia katika ndoa. Waliozisoma wakaisoma mimba ndani ya hayo maneno "kosa dhidi ya maadili". (Ni ajabu ya aina yake, na sijui kwa nini sisi Waislamu hatukuipigia kelele wakati ule, kwamba aliyeolewa kwa nikahi na aliyezini waliwekwa katika kapu moja.) Mwaka 2016 Bunge likarekebisha Sheria ya Elimu, ikawa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka uliofuata, Juni 2017, Rais John Magufuli akiwa mkoani Pwani akatamka kwamba katika utawala wake hakuna aliyezaa atakayerudishwa shule. Kisha Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Elimu ikatangaza kinyume chake na kutoa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, waliojifungua wakiwemo.

Nakiri kwamba mwaka 2017 nilipiga makofi. Nilikuwa kibarazani na wenzangu tunakunywa kahawa, redio ikisoma habari, na nikasema angalau sasa yupo kiongozi anayesema bila kumung'unya maneno. Na mwaka 2021 tulinung'unika. Tukasema hili ni shinikizo la wazungu, si tuliona Benki ya Dunia ilivyotoa mkopo wa dola milioni 500 za sekondari Machi 2020 baada ya kelele nyingi kuhusu mabinti hawa hawa?

Ndugu msomaji, shinikizo lilikuwepo, wala sina haja ya kulikanusha. Lakini iko nchi ambayo wakazi wake karibu wote ni Waislamu, tena iko hapa hapa ng'ambo ya maji. Zanzibar ilianza kuwaruhusu mabinti waliojifungua kurudi madarasani mwaka 2010, miaka 11 kabla ya Bara. Na Zanzibar hiyo hiyo ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 ya kumfunga jela mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa, ikaifuta mwaka 2005 na kuweka nyingine. Basi anayesema kuwarejesha mabinti ni fikra ya kanisa au ya wazungu atueleze kwanza kuhusu Unguja na Pemba.

Hoja kubwa ya wenzangu haihusu wazungu, na si hoja ya kipuuzi. Wanasema, ukimrudisha mmoja unawafundisha mia kwamba jambo hili ni dogo. Shule ni amana. Mzazi amekupa binti yake umlinde, kisha unamweka dawati moja na aliyekwisha kuzaa. Si kuhalalisha zinaa kwa mlango wa nyuma huku?

Niliishi na hoja hiyo miaka mingi na bado sidhani kwamba wanaoitoa ni watu wabaya. Lakini tazama inavyofanya kazi. Qur'an, inapotaja adhabu ya zinaa katika Surat Nur, inamtaja mwanamke na mwanamume, wote wawili kwa majina yao. Adhabu yetu sisi inamwona mmoja tu, kwa kuwa tumbo linaonekana na suruali haionyeshi kitu. Katika shule zetu mabinti hupangwa mstari kupimwa mkojo wakirudi likizo. Sijapata kusikia mstari wa wavulana. Kama ni somo, basi kinachofundishwa darasani si kwamba zinaa ni haramu. Kinachofundishwa ni kwamba kuonekana ni haramu, na mabinti wenye akili wanalielewa somo hilo haraka, ndiyo maana wengine wanakwenda kwa watu wa kutoa mimba vichochoroni. Je, huko nako ndiko tulikokusudia kuwapeleka?

Na zaidi, ni kosa la nani? Sheria ya nchi hii tangu mwaka 1998 inasema kulala na binti wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wako ni kubaka, hata akiwa amekubali. Binti wa jirani yangu alikuwa na miaka 16. Mwanamume mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye duka, aliyekuwa akimpa nauli asubuhi daladala zinapogoma kupakia wanafunzi. Mtaa mzima ulimwona. Mimi nilimwona. Siku habari ilipotoka duka likafungwa na hajulikani aliko. Sisi tuliokuwa tukinunua sukari kwake tukasema, "Mabinti wa siku hizi hawana haya."

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwenye kusoma sira anakijua, lakini nahisi tunakisoma upande mmoja. Ni kisa cha Ka'b bin Malik (r.a.) na wenzake wawili, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya, waliobaki nyuma katika safari ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliporejea Madina, watu wapatao themanini walikwenda kwake na nyudhuru, wakaapa, akapokea maneno yao ya nje na kuyaacha ya ndani kwa Allah. Ka'b akasema kweli. Hakuwa mgonjwa, hakuwa maskini, alizembea tu. Kwa kukiri huko yeye na wenzake wakatengwa, watu wakakatazwa kusema nao, siku hamsini nzima, mpaka ikashuka aya ya 118 ya Surat Tawba inayoeleza jinsi ardhi ilivyowawia finyu pamoja na upana wake, kisha Allah akawarudia.

Tunapenda kukitumia kisa hiki kuhalalisha kutenga watu. Hebu tukitazame tena. Ka'b hakufukuzwa Madina. Alikuwa akiingia msikitini, akiswali na jamaa, akizunguka sokoni. Alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa akiswali karibu na Mtume (s.a.w.) na kumtazama kwa kuiba, na kwamba anapoelekea kwenye swala yake Mtume humtazama, anapogeuka Mtume hugeuza uso. Aliyetengwa alikuwa anaangaliwa. Hilal alikuwa mtu mzima aliyedhoofika, mkewe akaomba ruhusa ya kuendelea kumhudumia, akaruhusiwa. Katikati ya dhiki hiyo ikamjia Ka'b barua kutoka kwa mfalme wa Ghassan, ikisema amesikia kwamba mwenzake amemfanyia ukavu, basi aje kwao watamliwaza. Ka'b akaitia barua ile tanurini. Alikuwa Ka'b. Lakini tusijidanganye kwamba kila binti tunayemtoa ataletewa barua ya Ghassan na kuichoma. Mabinti wetu wangapi wameolewa kwa haraka na mtu yeyote, wa dini yoyote, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuwaambia karibu?

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulione. Habari ya kusamehewa ilipotangazwa, mtu akapiga ukelele kutoka juu ya mlima wa Sal', mwingine akapanda farasi kumkimbilia. Ka'b akavua nguo zake mbili akampa aliyemletea bishara, akaazima nyingine, akaenda msikitini. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa na watu wamemzunguka. Talha bin Ubaydullah (r.a.) akainuka, akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Ka'b alisema hakuna Muhajir mwingine aliyeinuka siku ile, na kwamba hakumsahau Talha kwa jambo hilo. Aya ilikuwa imeshashuka. Amri ya mbinguni ya kumrejesha ilikwisha kutoka. Bado kilichobaki moyoni mwa yule mzee miaka yote, alipokuwa kipofu akiongozwa na mwanawe na kusimulia kisa hiki, ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama.

Waraka wa serikali unaweza kufungua mlango. Hauwezi kusimama. Binti wa jirani yangu, baada ya ile barua, alipokelewa na shule moja ya serikali, na mkuu wa shule ile, ambaye si Muislamu, alimpokea kwa heshima. Nilimwambia mama yake alhamdulillah, jambo limekwisha. Akanitazama kama asiyeelewa kwa nini nimesoma. "Ustadh, pale hakuwahi kutolewa," akasema. "Amepokelewa, sawa. Lakini hajarudishwa." Hakuwahi kukiona Kilatini mama yule, lakini kile kipande cha mbele cha "readmit", ambacho mimi nilikifungulia kamusi, yeye alikijua. Binti alitaka mabinti wenzake waliomwona akitoka na begi kichwani wamwone akiingia.

Fikiria kidogo kuhusu hospitali. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, akaacha dawa kwa uzembe, akazidiwa, akirudi analazwa tena, na kwa Kiingereza wanatumia neno lile lile la kwenye barua yetu. Daktari atamgombeza sana. Lakini sijapata kusikia bodi ya hospitali ikikaa kikao kuamua kwamba kumlaza tena kutawafundisha wagonjwa wengine uzembe.

Na fikiria kuhusu talaka rejea, tunayoifundisha madrasa mpaka watoto wanaijua kwa moyo. Mume akitoa talaka ya kwanza au ya pili, mke anakaa eda, na ndani ya eda mume anaweza kumrejea. Neno hilo rejea lina asili moja na lile tunalolisema akifa mtu, kwamba sisi ni wa Allah na Kwake tutarejea, na ndilo hilo waliloliandika Wizarani walipoandika kuwarejesha. Sasa mke huyo wakati wa eda anakaa wapi? Aya ya kwanza ya Surat Talaq inakataza kumtoa nyumbani. Anabaki katika nyumba ile ile, na sababu inayotajwa mwishoni mwa aya ni kwamba hujui, huenda Allah akaleta jambo jingine baada ya hayo. Yaani hata pale ambapo hasira imefika ukomo na neno zito limeshatamkwa, Allah (s.w.) anawazuia watu wasifunge mlango kabisa, ili kurudi kusihitaji barua. Sisi na mabinti zetu tunaanza na mlango. Tunaufunga kwanza, tena mbele ya gwaride la asubuhi, kisha tunashangaa kwamba kuufungua ni kugumu.

Nimesema mengi kuhusu shule ile kana kwamba simo. Nilikuwemo. Niliwahi kuwa mjumbe wa bodi yake mpaka mwaka 2012, na ndiyo maana mama yule alikuja kwangu na bahasha, akidhani nina neno la kusema. Mwaka 2009 bodi tulikaa Jumamosi moja, na kwenye ajenda, kati ya tangi la maji na posho za walimu, kulikuwa na jina la binti wa kidato cha pili. Mwalimu wa nidhamu alisoma taarifa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyempa mimba. Hakuna aliyeuliza binti ana miaka mingapi. Mimi ndiye niliyependekeza tusipoteze muda kwa kuwa kanuni ziko wazi. Tukatia sahihi, na harufu ya pilau ikawa imeshafika chumbani. Dakika kumi, labda kumi na mbili.

Binti yule namfahamu. Anauza vitumbua karibu na kituo cha daladala ninachoshukia, na kwa miaka kadhaa kila asubuhi amekuwa akinisalimu, "Shikamoo Ustadh," nami nikijibu marahaba na kuongeza mwendo. Baada ya mambo ya kamusi nilishindwa kuongeza mwendo. Nilimngoja apunguze wateja, nikamwambia kwamba mwaka 2009 mimi nilikuwemo katika kikao, na kwamba mimi ndiye niliyesema tusipoteze muda, na kwamba tulimdhulumu kwa kuwa hatukuuliza lolote. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, yakapotea.

Aliendelea kugeuza vitumbua mpaka vyote vikaiva. Akasema alikuwa anajua siku zote kwamba nilikuwemo, baba yake alimwambia. Akasema pia kwamba sasa ni mtu mzima na hana haja ya dawati. Kisha akafuta mikono, akaniambia mtoto wake amemaliza darasa la saba na amefaulu vizuri, anapenda hisabati, na anataka kusoma shule ya Kiislamu ili asome na dini. Akataka kujua kama wanapokea ada kwa awamu.

Nikamwambia nitamletea fomu.

"Ustadh," akasema, "kwenye hiyo fomu, kuna sehemu ya jina la baba?"

Iko. Nimeitazama, iko mstari wa tatu, na chini yake imeandikwa kuwa fomu isiyojazwa kikamilifu haitapokelewa. Bodi inakutana Jumamosi ijayo. Mimi si mjumbe tena, lakini nimemwandikia katibu kuomba nafasi ya kuzungumza juu ya mambo mawili, fomu hiyo na ile barua ya mistari mitatu, na nimeomba yawe ya kwanza kwenye ajenda, kabla ya chakula.